Mafuta ya Kivumbasi na Bomba la Kuazima

Mmeniomba niache kurasa chache kabla sijarudisha funguo za maabara. Sitaandika juu ya vyeo. Nilivipata viwili, na barua ya cha pili ilikosea jina langu. Nitaandika juu ya majani, mvuke na bomba moja la shaba, kwa sababu ninyi mnaobaki hapa Kindu mtaendelea kuchemsha mimea ya watu, na kuna jambo nililolifanya vibaya ambalo hamtalikuta katika daftari lolote la kituo.

Nilianza kazi muda mfupi baada ya nchi kubadilishwa jina. Mto nao ulibadilishwa jina, ingawa sisi tunaokaa kando yake tuliendelea kusema Lualaba, na hakuna aliyetukamata kwa hilo. Siku ya kwanza nilifika saa moja asubuhi nikiwa nimevaa tai ya marehemu baba. Mlinzi wa lango alinivuta pembeni akaniambia niiweke mfukoni, maana tai zilikuwa zimeanza kuwaletea watu maswali. Hatukuwa tena mabwana. Tulikuwa citoyen na citoyenne, yaani raia, hata katika karatasi za likizo.

Kituo kilikuwa vyumba vitatu. Kulikuwa na mizani nzuri iliyoachwa na Wabelgiji, hadubini yenye lenzi iliyoota ukungu, na kabati la majani makavu ambalo mchwa walikuwa wamelisoma kabla yangu. Mkurugenzi alikuwa Citoyen Lukusa, mfamasia aliyesomea Kinshasa, mtu mwerevu na mwoga. Kwa miezi sita alinipa kazi ya kuosha chupa tu. Kila jioni alichukua moja, akainusa, na mara nyingi akanirudishia niioshe tena. Mpaka leo sijui kama kuna shule bora kuliko hiyo.

Kisha ikaja amri ya kurudi kwenye mambo ya asili. Nguo, majina, na sasa dawa. Kila kituo kilitakiwa kionyeshe mmea wa kwao. Citoyen Lukusa alichagua kivumbasi, kichaka kile cha kufika kiunoni ambacho kila nyumba hapa inacho nyuma ya jiko. Tunakitia kwenye supu, tunajifukizia homa, tunafukuzia mbu. Tulipanda bustani yetu ya kwanza mbele ya jengo. Jumamosi iliyofuata watu wa mtaa walikuja kufanya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, wakaifyeka yote na kutupigia makofi. Tulianza upya, tukaweka kibao.

Tulichohitaji ni mafuta ya majani yale. Kwa wale wapya nieleze: unapitisha mvuke kwenye majani, mvuke unabeba harufu, unaupitisha kwenye bomba lililozamishwa katika maji baridi, na mwishoni yanatiririka maji yenye utando mwembamba wa mafuta juu yake. Utando ule ndio kazi yote. Chombo chetu cha kioo kilichotumwa kutoka Lubumbashi kilifika kwa treni kikiwa kimekuwa vipande, kila kipande kimefungwa vizuri kwa pamba. Citoyen Lukusa akasema, “Ng’ambo ya mto, Alunguli, kuna mama Mwislamu anayepika marashi ya harusi na ya mazishi. Nenda.”

Mama Zaituni alikuwa mjane wa makamo. Ufundi wake aliupata kwa bibi yake, ambaye watu wake walifika Maniema na misafara ya kutoka pwani. Nilimkuta ameketi mbele ya pipa juu ya mafiga, ameweka kiganja kwenye bomba kama mtu anayempima mgonjwa homa.

“Weye njo wa labo?” aliniuliza bila kugeuka, kama ndiye mimi yule wa maabara.

“Njo miye, Mama. Naitwa Amisi.”

“Serikali iko na labo muzima, na inakuja kuomba kwa mama mwenye kupikia maharusi marashi?”

“Chombo chetu kilivunjika katika treni, Mama.”

“Ya kwangu haivunjikake. Iko shaba. Ingia, lakini ile uso ya ofisi uiache kule mulangoni.”

Nilivuka mto kwa mtumbwi mara tatu kwa juma, msimu mzima. Yote ninayojua kuhusu mvuke nilijifunza pale. Majani yakatwe umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Yalazwe kivulini siku moja, yametandazwa, maana yakirundikwa yanapata joto na harufu inaondoka bila kuaga. Mfuniko uzibwe kwa ugali mzito wa muhogo. Ukipasuka, ziba tena, usisubiri. Moto uwe mdogo. “Pipa ikiguna, moto iko mingi,” alisema. “Pipa inapaswa kupumua tu.” Nilipotoa saa yangu kuandika muda, alicheka mpaka shungi likamwanguka. “Andika, mwanangu, andika. Miye nanusa.”

Citoyen Lukusa alitaka sampuli itengenezwe kituoni, ili karatasi iseme kituo. Pipa tulipata. Bomba la shaba hatukupata, na Mama Zaituni akaniazima lake. “Nimeishaliosha na majivu,” alisema, akalipuliza mbele yangu kuonyesha kwamba halikuziba. Nikaandika katika daftari: bomba, safi. Mimi niliyeosha chupa miezi sita.

Kutoka mzigo mmoja wa majani nilipata mafuta ya kimo cha ukucha ndani ya chupa nyembamba. Yalikuwa ya njano, na yalikuwa na harufu ya baridi iliyopanda puani na kukaa huko. Tuliyatia katika chupa nyeusi, chupa katika pamba, pamba katika kopo la maziwa, na kopo likapewa mtu aliyekuwa akisafiri kwenda Ulaya, kwa mwalimu mmoja aliyesoma na Citoyen Lukusa. Halafu tukasubiri. Mvua zikaanza, zikaisha.

Jibu lilipokuja lilikuwa na karatasi ndefu yenye mstari wa vilima. Kule wana mashine inayotenganisha mafuta, na kila kitu kilichomo kinajichora kilima chake. Kilima kirefu kuliko vyote kilikuwa cha kafuri. Walishangaa, kivumbasi walichokijua wao hakikuwa na kafuri nyingi namna hiyo, na waliuliza kama pengine chetu ni aina mpya. Aya iliyofuata ilisema wametia mafuta hayo kwenye chembe za kansa zilizokuzwa katika sahani ya kioo, na chembe zile zimekufa. Sentensi ya mwisho ilisema kwamba haya ni matokeo ya mwanzo tu, na kwamba wanaomba sampuli ya pili.

Citoyen Lukusa alitusomea ile aya mara tatu. Sentensi ya mwisho aliisoma mara moja.

Juma halikuisha kabla Komiseri, mkuu wa serikali kwetu, hajaitisha mkutano. Akina mama wa animasyo, kikundi cha ngoma za kumsifu Mkuu, walicheza kwa vitenge vyenye picha ya Mkuu wa nchi, nasi wa kituo tulipangwa mstari wa mbele, juani. Komiseri alishika kipaza sauti. “Kansere imepata bwana wake,” alisema, “na bwana wake iko Maniema!” Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga pia, na sikulazimishwa.

Kesho yake nilivuka kwenda Alunguli na nakala ya barua. Mama Zaituni aliwaondoa wanawake waliokuwa wakisuka ukindu uani, akafunga mlango.

“Amisi, miye niko na kitu hapa,” alisema, akaweka mkono kwenye titi la kushoto. “Kama karanga. Munganga wa hospitali alinigusa, akasema niende Lubumbashi na treni, wakanikate ingali ndogo. Rashidi ametafuta nafasi.” Rashidi alikuwa mwanawe wa kwanza, fundi katika depo ya reli. “Sasa uniambie ile karatasi inasema nini. Maneno ya Komiseri niliyasikia. Nataka ya kwako.”

Nilimsomea kwa Kiswahili. Nilitafsiri vizuri, kila neno lilikuwa sahihi. Ambacho sikumwambia ni kwamba sahani si mwili. Katika sahani sabuni inaua chembe zile, petroli inaziua, hata chumvi ikizidi inaziua. Kati ya sahani na titi la mama mmoja wa Alunguli kuna kazi ya miaka, na mara nyingi kazi hiyo inaishia kwa kusema hapana. Nililijua hilo. Lakini miezi yote ile alikuwa mwalimu na mimi mwanafunzi, na siku ile kwa mara ya kwanza alinitazama mimi kama mtu anayejua.

“Basi niende kukatwa huko mbali kwa sababu gani,” alisema, “na dawa naipika miye mwenyewe?”

Nilicheka. Hilo ndilo jibu nililompa.

Akaanza kunywa matone matatu katika kijiko cha asali, asubuhi na jioni, na kujipaka.

Ulaya walitaka sampuli ya pili, na Mama Zaituni alitaka bomba lake. Rashidi alituletea jipya kutoka depo, la shaba nyekundu, halijawahi kutumika. Nikakata majani ya bustani ileile, saa ileile, moto uleule. Mafuta yalitoka. Niliyanusa, nikayanusa tena, nikatoka nje nikapumua hewa, nikarudi. Ile baridi haikuwepo. Yalinuka kama jiko la mama yangu.

Siku tatu nilijiambia kwamba ni msimu. Siku ya nne nilivuka kuliazima bomba la zamani kwa asubuhi moja. Nililifunga kwenye pipa, nikatia maji matupu bila jani hata moja, nikawasha moto. Maji yaliyotoka yalikuwa na ile harufu ya baridi, na kwenye mdomo wa bomba palijikusanya chenga nyeupe, laini, kama chumvi iliyolowa. Nilipolirudisha nilimuuliza Mama Zaituni alikuwa akipikia nini kabla ya kutuazima.

“Maji ya mayiti,” alijibu kama mtu aliyeulizwa jina lake. “Kivumbasi na karafuu maiti. Si njo desturi? Muntu hawezi kwenda kaburini akinuka homa yake. Mwaka ule tulizika watu wengi, surua ilipita. Nililiosha mara tatu.”

Karafuu maiti ndiyo kafuri. Majivu hayaitoi ndani ya bomba, wala maji ya moto. Mvuke ndio unaoitoa, polepole, na kuitia katika chochote kinachopita nyuma yake. Kile kilima kirefu hakikuwa cha kivumbasi. Kilikuwa cha wafu wa Alunguli.

Chupa yake ya dawa ilikuwa juu ya meza, kati yetu. Ningeweza kusema palepale. Nilijiambia kwamba mambo yana utaratibu wake, kwamba mkuu wa kazi huambiwa kwanza. Nikaaga.

Citoyen Lukusa alinisikiliza mpaka mwisho, amefumba macho.

“Umeandika hayo mahali?”

“Bado, citoyen.”

“Usiandike. Komiseri ameishasema mbele ya watu. Unataka apande tena aseme kinyume? Tutume sampuli ya pili, kimya, na wao wenyewe njo watasema.”

“Na wale wanaokunywa?”

“Amisi, kivumbasi hakijaua muntu. Watu wanakitia katika supu.”

Ilikuwa kweli. Alikuwa mtu wa kusema kweli ndogondogo, nami nikajifunika ile ya siku ile kama blanketi. Sampuli ikaenda. Nikaandika katika daftari tarehe na uzito wa majani, basi.

Kiangazi kile treni ziliondoka kwenda kusini mara mbili. Nilizisikia zote mbili kutoka dirisha la maabara. Baada ya treni ya kwanza nilikutana na Rashidi kwenye kivuko. “Mama anakataa safari,” aliniambia akitabasamu. “Anasema dawa yenu inashika. Asante, kaka.” Baada ya ile ya pili sikwenda kivukoni kwa siku kadhaa, nilituma mtu achukue majani. Halafu mvua kubwa zikaanza, njia ya reli ikakatika mahali fulani kusini mwa Kibombo, na walipoitengeneza, injini zilikosa mafuta. Barabara ya kaskazini kupitia Lubutu wakati wa mvua si barabara. Ndege zilikuwa za wanajeshi na za watu wenye jina. Kindu ikawa kisiwa, kama inavyokuwa mara kwa mara.

Ndipo nilipokwenda kumwambia. Ujasiri wangu uliamka wakati ambapo ukweli haukuweza tena kumfikisha mtu popote.

Nyumba yote ilinuka kivumbasi. Alikuwa amekitandika chini ya mkeka, amekitundika mlangoni, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine ambayo mimea yake yote haikuweza kuifunika. Ile karanga ilikuwa imepasua ngozi. Aliniambia niketi, nikakataa, nikasema yote nikiwa nimesimama: bomba, karafuu maiti, sahani ya kioo. Safari hii sikuacha neno.

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu kiangazi, Mama.”

“Mwanzo ao mwisho?”

“Mwanzo.”

Alivuta kitenge juu ya kifua. “Miye mwenyewe nililiosha lile bomba,” alisema.

“Mama, kosa si lako.”

“Sikukuuliza kosa ni ya nani.” Ukali wake wa zamani ulimrudia mara moja, kisha ukamtoka. “Sikia. Rashidi usimwambie. Atakuja kuketi pale pale weye unasimama, ataniuliza kwa nini sikupanda treni, na sina nguvu ya kumujibu. Aniuguze akiamini. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Sasa nipe zile tone. Tatu. Hapana kutazama chini, nipe.”

Nilimpa. Nilivuka kila siku kumpa, mpaka mwisho, na Rashidi alinifungulia mlango.

Barua ya pili kutoka Ulaya ilitufikia siku chache tu kabla ya kifo chake. Hakukuwa na kafuri. Vilima vilikuwa vya thimoli na wenzake, vilevile vya kivumbasi cha mahali pengine popote. Chembe katika sahani zilipungua kidogo. Walitushukuru, wakasema hawaoni sababu ya kuendelea kwa sasa. Citoyen Lukusa aliikunja barua mara nne, akaifungia kwenye mtoto wa meza. Komiseri alikuwa ameishahamishwa, na aliyekuja alikuwa na shauku ya mpira.

Kwa hiyo, wenzangu: kabla ya kupika majani, pikeni maji matupu. Kila mara, hata bomba likiwa jipya, hata mkiwa na haraka, hata aliyeliosha akiwa mtu mnayemheshimu. Nuseni maji hayo, na yaandikeni. Kivumbasi msikidharau, ni mmea mzuri, na siku moja mtu mwenye vyombo safi pengine atakuta ndani yake kitu cha kweli. Lakini mgonjwa akikuuliza karatasi inasema nini, mwambie kwanza isichosema. Na ukigundua umekosea, anza na mgonjwa. Mkuu wa kazi atasubiri, ana kiti.

Mama Zaituni alizikwa Alunguli, baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume tulikuwa tumesimama kwa safu. Kabla ya kuondoka kaburini Rashidi alinishika mikono yote miwili mbele ya watu. “Huyu njo muntu aliyehangaika na mama yetu,” alisema. “Alimupa dawa mpaka siku ya mwisho.” Wazee walinigeukia, mmoja akainua viganja akaniombea dua. Niliitikia amina pamoja na wengine.

Nilinyamaza miaka yote iliyobaki ya kazi, nikijiambia kwamba natimiza neno la marehemu. Lilikuwa neno jepesi kulitimiza. Lilinifaa mimi kuliko yeye. Nilipoanza kuandika kurasa hizi niliona kwamba haifai ninyi mjue kabla ya mwanawe. Juma lililopita nilikwenda depo. Rashidi sasa ni mtu wa mvi, naye amebakiza muda mfupi kustaafu. Nilimkuta akichambua nati za chuma kwenye sinia, kubwa huku, ndogo huku. Nilimweleza, kutoka bomba hadi mwisho. Hakuacha kuchambua.

“Zile treni mbili za kiangazi,” aliniuliza, “zilipoondoka, ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa ninajua.”

Aliweka nati moja kwenye rundo, akaitazama kama amesahau ni ya upande gani.

“Katika zote mbili,” alisema, “nilikuwa nimemuwekea mama kiti.”